Uvundo na Walaji Wake: Kahawa, Vyoo na Udongo wa Nyamarambe

Msimu wa kahawa ukifika, faktori za Gusii hufanya kazi hadi usiku. Mchana wakulima huleta cheri nyekundu na kupanga foleni mizanini. Jioni mashine ya kumenya huanza kunguruma, na kabla ya usiku wa manane punje zenye utelezi zimekwisha kujaa kwenye matangi ya saruji. Kuanzia hapo binadamu hukaa kando. Chachu na bakteria huushambulia ule utando mtamu ulioshikilia punje, wakaula kidogokidogo. Saa 12, pengine 36, kutegemea ubaridi wa usiku. Kisha mfanyakazi huchota punje chache, huzisugua kiganjani, na zikikwaruza kama changarawe hujua tangi limeiva, maji safi yafunguliwe. Akichelewa, punje huoza, na chache tu zikipenya hadi kwenye gunia, waonjaji wa Nairobi watazigundua kwa pua kabla hawajaonja.

Vijidudu, basi, ni vibarua wa zamani katika nchi ya Wagusii. Tatizo ni kwamba wako wa namna mbili. Wapo wanaoishi pasipo hewa, ndio watengenezaji wa uvundo wa shimo, dimbwi na bomba la majitaka. Wapo wanaoishi penye hewa, hasa katika udongo wa juu, na hao uvundo ndio chakula chao. Historia ya harufu katika sehemu kama Nyamarambe, na katika dunia kwa jumla, ni historia ya kundi lipi kati ya hayo mawili limepewa nafasi.

Nyamarambe ni mji wa soko Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, si mbali na Tabaka wanakochonga mawe ya sabuni. Ardhi ya upande huu inateremka kuelekea Migori, na mashamba yake yana migomba, miwa, mahindi na kahawa. Watu ni wengi na vipande vya ardhi ni vidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti nzima, zaidi ya 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kwa msongamano huo, jiko la huyu na choo cha yule hutenganishwa na safu moja ya migomba, na harufu ya jirani haiwezi kuwa siri ya jirani.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya ukoloni, sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wagusii walilala kwenye ebisarate, kambi za malisho zilizolindwa na vijana wenye mikuki, mbali na nyumba za familia. Serikali ya kikoloni, iliyofungua kituo chake Kisii mwaka 1907 na kukabiliwa na upinzani mkali mwaka uliofuata, iliziona kambi hizo kuwa makao ya askari watarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 ikazivunja. Ng'ombe wakarudi kulala nyumbani, na samadi ikarudi nao.

Samadi mbichi hunuka, lakini lundo lililofunikwa udongo na majani makavu ya mgomba halinuki sana, na mkulima yeyote analijua hilo bila kusomeshwa. Akilichimbua katikati kabla ya wakati, amonia itamchoma macho. Akilifunika tena, harufu hukata. Kilichofanya kazi hapo si mfuniko pekee. Gesi inapopanda kupitia udongo wenye unyevu, hunaswa kwenye utando mwembamba wa maji uliozunguka kila chembe ya udongo, na humo bakteria huigeuza kuwa naitreti, ambayo haina harufu na ambayo mahindi huipenda.

Choo kilikuja kwa njia nyingine: kwa amri. Sheria ya Afya ya Umma ilianza kutumika nchini Kenya mwaka 1921, na kifungu chake cha 118, kinachoorodhesha kero zinazoweza kumpeleka mtu kortini, kinavitaja waziwazi viwanda visivyowekwa safi na kuepushwa na harufu mbaya. Kwa mwananchi wa kawaida, hata hivyo, sheria hiyo ilimaanisha jambo moja: chifu na afisa wa afya wamekuja kuuliza choo kiko wapi. Watu waliozoea kichaka, ambako udongo na jua vilifanya kazi yote, wakatakiwa kukusanya kinyesi cha familia nzima katika shimo moja lenye giza.

Na shimo moja lilikuwa mtihani. Wagusii wana chinsoni, ile heshima yenye haya inayowatenga wazazi na watoto wao waliokua, na zaidi baba mkwe na mke wa mwanawe. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, haikufikirika kwamba wawili hao wangetumia choo kimoja. Maafisa wengi waliona ukaidi tu. Ukweli ni kwamba waliokuwa wakishauriwa kuchimba shimo moja walihitaji mawili.

Shimo lenyewe lilinuka kwa sababu chini yake hakuna oksijeni. Bakteria wa huko hupumua kwa salfeti badala ya oksijeni, na wanachokitoa ni haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni mia moja za hewa. Watu walijitetea kwa majivu ya jikoni, na majivu husaidia kweli, ingawa kwa kemia na si kwa uhai: ni chumvi ya magadi inayoizuia gesi hiyo isitoke majini. Udongo mkavu hufanya zaidi. Jambo hilo Uingereza walilijadili kwa bidii kabla hata ya serikali ya kikoloni kufika Kisii.

Kinara wa mjadala huo alikuwa mchungaji wa Kianglikana, Henry Moule, wa parokia ya Fordington mjini Dorchester. Kipindupindu kilikuwa kimeipiga parokia yake, na katika majira ya joto ya 1858 mto Thames ulinuka hata Bunge la London likashindwa kukaa kwa raha. Moule aliziba shimo la choo chake, akawa anakizika kinyesi kwenye udongo mkavu uliochekechwa. Baada ya wiki chache hakuona wala kunusa chochote, na udongo uleule aliweza kuukausha na kuutumia tena mara kadhaa. Mwaka 1860 akapata hataza ya choo cha udongo: unavuta kishikio, udongo unamwagika. Vyoo hivyo vilitumika mashuleni, magerezani na kambini, Uingereza na India. Kisha mabomba ya maji yakavishinda, na miji ikaamua kuusafirisha uvundo badala ya kuumaliza pale ulipo. Pengine uamuzi huo haukuepukika kwa mji mkubwa. Kwa soko la kijijini, ni jambo la kujadiliwa.

Moule hakujua kwa nini udongo ulifanya kazi. Wataalamu wengi wa siku zake walidhani ni kemia tu, kwamba vinyweleo vya udongo hunyonya gesi kama mkaa. Jibu lilitoka Ufaransa mwaka 1877. Théophile Schloesing na Achille Müntz walijaza bomba refu mchanga na mawe ya chokaa, wakapitisha majitaka polepole. Kwa siku 20 hakikutokea kitu. Kisha naitreti ikaanza kutoka chini, na amonia ikatoweka. Kama ingekuwa kemia tupu, kwa nini isubiri siku 20? Wakapuliza mvuke wa klorofomu, unaolaza viumbe hai, na kazi ikasimama papo hapo. Wakaondoa klorofomu, wakatia maji yaliyooshea udongo kidogo wa bustani, na kazi ikarudi. Kilichokuwa ndani ya bomba kilikuwa hai.

Baada ya hapo majina ya walaji yakaanza kufahamika. Mrusi Sergei Winogradsky alionyesha mwaka 1887 kwamba baadhi ya bakteria huishi kwa kuunguza haidrojeni salfaidi, kama mtu anavyoishi kwa ugali. Mholanzi Martinus Beijerinck akawaelezea Thiobacillus mwaka 1904. Hao huchukua gesi ya mayai viza na kuigeuza kuwa salfa, kisha asidi ya salfa. Si kila aliyekutana nao alifurahi: mwaka 1945 C. D. Parker wa Melbourne aligundua kwamba ndio waliokuwa wakiila saruji ya mabomba ya majitaka ya mji huo, wakianzia sehemu ya juu, mahali gesi inapokutana na unyevu.

Ilibaki mtu mmoja aunganishe mambo hayo: gesi inayonuka kwenye bomba, na udongo wenye njaa nje ya bomba. Wajerumani walikuwa wameligusia wazo hilo tangu miaka ya 1920. Aliyelitekeleza na kuliandikisha ni mhandisi wa California, Richard Pomeroy, aliyetumia maisha yake kupambana na haidrojeni salfaidi kwenye mitaro ya majitaka. Mwaka 1953 hewa chafu ya majitaka ya Long Beach ilianza kupulizwa chini ya kitanda cha udongo, na mwaka 1957 Pomeroy akapewa hataza ya Marekani ya kuondoa harufu kwenye mikondo ya gesi kwa kutumia vijidudu. Mwaka 1966 Carlson na Leiser, waliofanya kazi karibu na Seattle, wakathibitisha kwamba vitanda vya namna hiyo havinyonyi tu gesi hadi vijae. Bakteria waliomo huila, na kitanda huendelea kufanya kazi.

Mtambo wenyewe ni wa kuchekesha kwa urahisi wake. Feni huvuta hewa kutoka penye uvundo. Hewa hupitishwa kwenye manyunyu ili ilowe, kisha huingia mabomba yenye matundu yaliyolazwa chini ya lundo la mboji, udongo mwepesi, maganda au vipande vya mbao, kimo cha mita moja hivi. Hupanda taratibu, kwa nusu dakika au dakika nzima, na kutoka juu ikinuka kama msitu baada ya mvua. Hakuna moto, hakuna dawa, hakuna dohani. Adui yake mkubwa ni ukavu: lundo likikauka, hupasuka, hewa hutafuta mianya, na walaji hufa kwa kiu huku chakula kikiwapita. Adui wa pili ni asidi ya salfa wanayoitengeneza wenyewe, ndiyo maana chokaa au kombe za baharini huchanganywa humo. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 Ujerumani na Uholanzi waliufanya kuwa kifaa cha kawaida kwenye viwanda vya mboji, mabanda ya mifugo na viwanda vinavyoyeyusha mabaki ya machinjio.

Afrika ilichukua njia tofauti. Mwaka 1973, huko Zimbabwe ya leo, Peter Morgan wa maabara ya Blair alibuni choo cha shimo chenye bomba refu la hewa na wavu juu yake. Upepo ukivuma juu ya bomba, huvuta hewa ya shimo. Nzi hufuata mwanga na kunaswa wavuni. Kenya ilikipokea choo hicho kwa mikono miwili, na mashuleni ndicho watoto wengi wanachokijua. Ni uvumbuzi mkubwa, haswa dhidi ya nzi. Lakini kwa habari ya harufu, bomba hilo huihamisha tu. Inatoka puani mwa aliyechuchumaa na kwenda puani mwa anayeishi upande unakoelekea upepo, na pale penye watu 950 kwa kilomita ya mraba, lazima kuna mtu upande huo.

Kabla ya hapo, chanzo kingine cha uvundo kilikuwa kimeanza kukua kando ya mito. Kahawa haikuwa zao la Mwafrika tangu awali. Walowezi waliipinga wakidai wizi na magonjwa ya mimea, huku wakihofia zaidi kupoteza vibarua. Serikali ililegeza kamba mwaka 1933 na 1934, ikaruhusu majaribio Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba makubwa ya Wazungu na chini ya kanuni kali. Wengi Gusii walisita. Shamba likipandwa mti wa Mzungu, Mzungu naye hatalifuata? Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa waliojitosa mapema. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, miche ilienea, vyama vya ushirika vikaundwa, na faktori zikajengwa bondeni kwa sababu kahawa hutaka maji mengi.

Kilo sita au saba za cheri hutoa kilo moja ya kahawa safi. Zilizobaki ni maganda, utando na maji matamu. Yakiachiwa mtoni, maji ya kumenyea yanaweza kudai oksijeni mara makumi kuliko majitaka ya kawaida ya mji; samaki hukosa pumzi kwanza, kisha wale bakteria wasiotaka hewa huchukua zamu. Suluhisho lililoenea Kenya lilikuwa mashimo ya kunyonya maji na madimbwi kando ya faktori, pamoja na kuyatumia maji yaleyale zaidi ya mara moja. Mto ulipata nafuu. Hewa haikupata, kwa sababu dimbwi lenye sukari na lisilo na oksijeni hutoa harufu ya siagi iliyochacha na mayai viza kwa pamoja, na wanaokaa karibu huipokea pamoja na malipo ya kahawa.

Jamaa wa tatizo hilo wako barabarani. Ukishuka kutoka Kisii kwa barabara ya Migori, unapita Suneka, ambako majitaka ya mji wa Kisii husafishwa, halafu Awendo, penye kiwanda cha sukari cha SoNy kilichoanza kusaga mwaka 1979 na kinachopokea miwa ya ukanda huo. Molasi ya viwanda vya sukari nayo huwa spiriti, kama inavyofanyika Muhoroni, na kila lita ya spiriti huacha nyuma lita nyingi za maji meusi yenye uvundo. Kwa majitaka ya nchi zenye joto, mwalimu mkuu alikuwa Duncan Mara, aliyewahi kufundisha Nairobi na ambaye kitabu chake cha 1976 kilitetea madimbwi ya jua na mwani badala ya mitambo ya bei ghali. Katika madimbwi hayo huonekana mara nyingine jambo la ajabu: maji hugeuka rangi ya waridi au zambarau. Wapita njia hudhani ni sumu. Kumbe ni bakteria wa zambarau, wanaotumia mwanga wa jua kuila haidrojeni salfaidi kabla haijafika juu. Siku dimbwi linapokuwa na rangi hiyo, ndiyo siku linaponuka kidogo.

Njia ya tatu ni kuikamata gesi na kuipikia. Mkulima wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga mtambo wa biogesi nchini Kenya katika miaka ya 1950, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani. Kisii ilifaa: ng'ombe wa maziwa wawili bandani, nyasi za nepia zilizokatwa, samadi isiyo na pa kwenda. Biogesi pia ina haidrojeni salfaidi, ambayo hula vyuma vya jiko. Nyumbani hupitishwa kwenye chuma chenye kutu. Kwenye mitambo mikubwa ya Ulaya hufanywa jambo la werevu zaidi: hewa kidogo, asilimia chache tu, hupulizwa ndani ya tangi, na wale walaji wa Beijerinck huamka kwenye kuta na kuigeuza gesi kuwa salfa ya manjano inayoning'inia darini.

Kwa Nyamarambe, kitanda cha Pomeroy hakihitaji kuagizwa kutoka nje. Mboji ipo, maganda ya kahawa yapo, makapi ya miwa yapo, vumbi la mbao lipo kwa kila fundi seremala, na mvua ya Gusii hulowesha lundo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kinachonunuliwa ni mabomba, feni na umeme wa kuiendesha. Hakitasafisha dimbwi lililo wazi, maana hewa lazima ikusanywe chini ya mfuniko kwanza, na hakitamsaidia msimamizi anayesahau kumwagilia wakati wa kiangazi. Lakini kwa machinjio ya soko, tangi la majitaka ya shule ya bweni au shimo lililofunikwa la faktori, ni rahisi kuliko dohani, na Sheria ya Afya ya Umma bado ipo kwa anayedhani jirani hana haki ya kulalamika.

Tahadhari moja kwa wanaochimba na kuzibua mashimo. Harufu ya mayai viza ikikatika ghafla ndani ya shimo au tangi, usidhani bakteria wamekumalizia kazi. Gesi hiyo ikizidi sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi na kuacha kuinusa. Ikizidi mara tano hivi, huua kwa muda mfupi, na wengi wanaokufa ni wale wanaoruka ndani kumwokoa wa kwanza. Usiingie. Fungua, acha hewa ipite, na umvute mwenzako kwa kamba ukiwa juu.